Uzi: Boti ya Nærøyfjord, Norwe. Mvua ikinyesha usiahirishe

Ngosha_Bergen (mleta mada)

Wakuu, heshima mbele.

Kila ikikaribia mwezi wa tano napokea ujumbe wa aina moja: "Ngosha, nina mkutano Bergen, nimebakiwa na siku moja, niende wapi?" Jibu langu halibadiliki: panda boti ya Nærøyfjord. Na kinachofuata hakibadiliki pia. Mtu anafungua utabiri wa hali ya hewa, anaona wingu na matone, anaahirisha, anaishia kununua sumaku za friji pale Bryggen. Sasa naweka uzi mmoja, atakayeuliza tena namtupia kiungo.

Jiografia kwanza, kwa sababu ukienda bila hiyo utarudi unasema "nimeona milima". Sognefjord ni fiodi, yaani mkono wa bahari ulioingia bara zaidi ya kilomita 200, na penye kina kirefu kabisa unashuka mita 1,308. Huko ndani unagawanyika matawi. Tawi moja ni Aurlandsfjord, na kutoka hapo ndipo inapochomoza Nærøyfjord yenyewe, kama kilomita 17 hivi. Sifa yake ni wembamba. Kuna mahali upana wa maji ni mita 250 tu, na kulia na kushoto ukuta wa mwamba unapanda kupita mita 1,000. Mwaka 2005 UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia pamoja na mwenzake Geirangerfjord.

Kazi hiyo yote ilifanywa na barafu. Enzi za baridi kali, ambazo zimekuja na kuondoka mara nyingi, nchi hii ilifunikwa na barafu nene iliyokuwa ikiteremka taratibu kwenye mabonde ya mito ya kale, inaburuta mawe chini yake na kukwangua mwamba. Ilipokaribia bahari ikapata nafasi ya kutawanyika, nguvu zikapungua. Ndiyo maana mdomoni mwa Sognefjord kuna kizingiti na kina ni kidogo, ukiingia ndani ndiko kwenye shimo lenyewe. Barafu ilipoyeyuka bahari ikajaza. Maji unayoyaona katikati ya milima ni ya chumvi, na ukibahatika utaona pomboo wadogo wakiibuka kuvuta pumzi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo hoja yangu ilipo. Vibonde vya pembeni vilikuwa na barafu ndogo, havikuchimbwa hadi chini. Vilibaki vimening'inia juu. Mto ukitoka huko ukafika ukingoni, hauna pa kupita isipokuwa kuruka. Na mwamba wa huku haunywi maji, udongo juu yake ni mwembamba. Mvua ikinyesha saa chache tu, ukuta mzima unaanza kutiririka: michirizi ambayo jana haikuwepo, mingine myembamba kiasi kwamba upepo unaipeperusha kabla haijagusa maji. Siku ya jua kali mwezi wa nane utaona maporomoko makubwa machache, nayo yamekonda. Mimi mtu akiniambia "nimepata siku nzuri, jua kuanzia asubuhi mpaka jioni", namsikitikia kimoyomoyo. Mwezi wa tano na wa sita kuna nyongeza, theluji ya juu inakuwa inayeyuka, kwa hiyo hata bila mvua maji yapo.

Njia ni hii. Asubuhi unapanda treni Bergen hadi Myrdal, kituo kilicho mita 866 juu ya usawa wa bahari. Hapo unahamia Flåmsbana, reli ya kilomita 20 inayokushusha mpaka ufukweni Flåm kwa muda wa saa moja hivi. Ujenzi wake ulianza 1923, treni ya kwanza ikapita 1940. Ina mahandaki 20, na 18 kati ya hayo yalichimbwa kwa mikono. Pale Flåm unapanda boti, safari ya muda wa saa mbili hadi Gudvangen. Kisha basi hadi Voss, treni hadi Bergen, usiku unalala kwako.

Kuna kifurushi cha safari hii nzima kinachouzwa kwa tiketi moja. Si utapeli, ila mjue kwamba treni ni zile zile, boti ni ile ile na basi ni lile lile wanalopanda wenyeji. Ukinunua kipande kimoja kimoja unachagua mwenyewe ukae Flåm saa ngapi. Majira ya joto usisubiri dakika za mwisho, Flåmsbana inajaa.

Ndani ya boti: usikae ndani. Kuna viti vizuri, kuna vioo vikubwa, kuna joto, na yote hayo ni mtego. Vaa jaketi la mvua (mwavuli hauna kazi, upepo utaugeuza), glavu hata kama ni mwezi wa sita, kisha simama sitaha ya nje kuanzia mwanzo. Mtapita Aurland, halafu Undredal, kijiji chenye nyumba chache na kikanisa cha mbao cha karne ya 12 chenye nafasi ya watu kama 40. Mpaka 1988 hicho kijiji hakikuwa na barabara, kila kitu kilikuja kwa maji. Wanafuga mbuzi na wanatengeneza jibini ya kahawia yenye utamu fulani hivi. Wengine hawaiwezi, mimi naila na mkate kila siku. Baada ya hapo boti inakata kona, milima inasogea, na watu waliokuwa wanapiga soga wananyamaza wenyewe.

Maswali karibuni.

BintiPangani

Uzi bila picha ni uzushi mkuu 😂 Tupia hata mbili.

Halafu nimesikia huko kwenye hiyo treni kuna mwanamke anatokea kwenye maporomoko, kavaa nguo nyekundu, anacheza. Ni kweli au chai?

Ngosha_Bergen

Kweli kabisa dada. Treni inasimama dakika chache pale Kjosfossen watu washuke wapige picha. Majira ya joto unapigwa muziki, kisha juu kwenye mawe anatokea mwanamke wa nguo nyekundu, anazama upande huu anaibukia upande ule (wako zaidi ya mmoja, ndiyo siri yenyewe). Ni maigizo ya huldra, kiumbe wa masimulizi yao, mwanamke mzuri wa porini anayewavuta wanaume mlimani wasirudi.

Picha naweka jioni, intaneti ya hapa chuoni inasuasua.

BintiPangani

Yaani jini linatokea kwenye maji na watu WANASHUKA kwenye treni kulifuata. Kwetu Pangani dereva angeongeza mwendo.

Mzee_wa_Ujiji

Nimesoma yote. Mleta mada unaandika vizuri lakini nina neno.

Ziwa letu Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Hiyo Sognefjord yenu 1,308. Mlima Nkungwe pale Mahale una mita 2,462, ziwa liko kwenye mita 770 na ushei, kwa hiyo ukikaa ndani ya mtumbwi mlima uliosimama mbele yako unakuzidi karibu mita 1,700. Na sokwe juu yake. Na maji unakunywa. Vijana wanalipa viza na ndege kwenda kuona ambacho Kigoma kipo tena kikubwa zaidi.

Sisi tulipanda Liemba tangu utotoni. Meli iliyotengenezwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916 na Wajerumani wenyewe wasiiache kwa adui, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Nyinyi mnasifia boti ya juzi.

Ngosha_Bergen

Shikamoo mzee. Takwimu zako sina cha kupinga, na Mahale ningependa kila mwana jukwaa aione.

Tofauti ni namna vilivyopatikana. Tanganyika ni ardhi iliyopasuka na kuachana, bonde la ufa, kwa hiyo ni pana. Ng'ambo ya pili ni Kongo, kilomita 50 hivi. Mlima wa Mahale unapanda kwa mteremko wenye msitu. Nærøyfjord ni mfereji uliokwanguliwa. Hauonekani mkubwa, unaonekana umekubana. Unainua shingo mpaka inauma kutafuta mbingu iko wapi. Ukifika Mahale unashangaa ukubwa, huku unashangaa ufinyu. Sioni sababu ya kushindanisha.

Ila la kunywa maji umenipiga bao mzee wangu.

Mzee_wa_Ujiji

Marahaba. Hapo umejibu kiungwana. Endelea.

Mwana_Chogoria

Niaje wakubwa. Kutoka upande wa Kenya naongeza kitu. Ukitaka kuona barafu inachimba bonde la namna gani bila kutoka Afrika Mashariki, panda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria. Kuna bonde linaitwa Gorges Valley, na ukisimama juu yake unaona Ziwa Michaelson liko chini kabisa. Umbo ni hilo hilo analosema Ngosha: kuta zimesimama wima, sakafu bapa, si ile V ya bonde la mto. Tofauti ni kwamba bahari haijafika hapo 😄

Mimi hupeleka wageni huko, na nikiwaeleza kwamba barafu ilishuka mpaka hapo huwa hawaamini, kwa sababu barafu iliyobaki juu sasa ni vipande tu na kila mwaka vinapungua.

Swali langu: hizo kelele za injini si zinaharibu? Boti ya watu mia ngapi ndani ya korongo la mita 250, si ni mwangwi tu?

Ngosha_Bergen

Swali zuri sana kaka, na hapo ndipo hawa jamaa walinifurahisha kuliko milima yenyewe.

Tangu 2018 kuna boti ya umeme mtupu kwenye njia hii, inaitwa Future of the Fjords. Ni ya matumbo mawili kama zile za Dar kwenda Unguja, mita 42, abiria 400, imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni ili iwe nyepesi. Hainguruma. Nje unasikia maji yanayopasuliwa na pua ya boti, unasikia maporomoko kabla hujayaona, na nikiwa karibu na Undredal nimesikia kengele za mbuzi, ambao hata sikuwaona walipo.

Hata nje yake imefikiriwa. Njia ya kutembea inazunguka ubavuni ikipanda kidogo kidogo kutoka sitaha ya chini hadi juu. Kwa hiyo watu hawagombani mbele peke yake, kila mmoja anapata ukingo wa kuegemea. Madirisha ya chini ni makubwa, lakini nimeshasema: usikae ndani.

Fundi_Umeme_Mbagala

Nipo hapa kwa ajili ya betri tu, milima mtanisamehe. Gudvangen ni kijiji. Boti ya abiria 400 inachajiwa na nini? Hiyo ukiichomeka kijiji kizima kinaingia gizani.

Ngosha_Bergen

Fundi umegusa penyewe. Hilo ndilo tatizo walilolikuta: gridi ya pale haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mpigo. Walichofanya ni kutengeneza gati linaloelea, mita 40 hivi, na ndani yake wakaweka betri za kilowati-saa 2,400. Gati linavuta umeme polepole mchana na usiku, kijiji hakihisi kitu. Boti ikifika, yenye betri za kilowati-saa 1,800, inachomekwa na kumiminiwa kwa haraka, dakika 20 hivi inakuwa tayari. Na umeme wenyewe karibu wote nchini hapa unatokana na maji ya kuporomoka, kwa hiyo boti inaendeshwa na hayo hayo maporomoko unayoyapiga picha.

Fundi_Umeme_Mbagala

Daah. Kwa hiyo ni tangi la juu ya nyumba, ila la umeme. Maji yanaingia kwa tone, ukifungua bomba yanatoka kwa kishindo. Hii ingetufaa visiwani huku, vivuko vifupi. Nimeelewa, asante, narudi kwenye betri zangu.

Dada_Mshauri

Mimi naona shida yenu nyote mnakwenda kwa mateso. Kuna meli kubwa za kitalii zinatoka Hamburg, zina kila kitu, kitanda, chakula, bwawa, na zinaingia mpaka Flåm. Kwa nini nihangaike na treni tatu?

Ngosha_Bergen

Dada, kila mtu na starehe yake, ila mimi siishauri. Meli ya ghorofa kumi na ushei inafika Flåm, kijiji cha watu mia chache, inashusha maelfu kwa saa moja. Foleni ya choo tu inakula muda wako. Na hao walioshuka wengi wanakuja kupanda hiyo hiyo boti ninayoisema, maana kule kwenye wembamba ndiko kwenye uhondo.

Tena mambo yanabadilika. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 sheria inazitaka meli za abiria zilizo chini ya tani 10,000 zisitoe hewa chafu ndani ya fiodi za Urithi wa Dunia. Kubwa zaidi zimepewa muda hadi 2032. Binafsi naona wamegeuza mambo, wenye moshi mwingi ndio walioongezewa muda. Hata hapa wapo wanaolilalamikia hilo.

Mtoto_wa_Uvira

Bandugu, muko salama? Mie niko Ålesund, kaskazini ya hapo, familia yetu ilipokelewa huku kutoka kambini. Nasoma nacheka, sababu kila mutu anasema Nærøyfjord na Geiranger inasahaulika.

Geiranger iko na maporomoko saba pamoja, wanaita Dada Saba, na ng'ambo yake lingine wanaita Mchumba. Lakini kitu kilinigusa mimi ni mashamba. Ukiwa kwenye boti tazama juu, siyo kwenye maji. Utaona nyumba kwenye ukingo wa mwamba, kama mita 250 juu, hakuna barabara. Hiyo inaitwa Skageflå. Watu waliishi pale na mbuzi wao, wakabeba kila kitu mgongoni. Wazee ya huku wanasimulia kwamba mutoza kodi akionekana anakuja na mtumbwi, wanavuta ngazi juu, basi, habari ya kodi imeisha siku hiyo 😂 Leo hakuna anayeishi pale. Mfalme Harald na Malkia Sonja walifanyia hapo sherehe ya miaka 25 ya ndoa, mwaka 1993.

Tena kwenye feri za huku omba svele. Inafanana na chapati ya maji, wanaikunja na siagi na sukari. Ya moto.

Mwana_Chogoria

Hiyo ya ngazi imenibamba 😂😂 Lakini sasa ndugu, nyumba kwenye ukingo hivyo, mawe hayaporomoki?

Mtoto_wa_Uvira

Yanaporomoka, na siyo mchezo. Karibu na Geiranger kuna Tafjord. Tarehe 7 Aprili 1934, usiku, kipande cha mlima kilianguka ndani ya fiodi. Mawimbi yalipanda zaidi ya mita 60 pale karibu na mlima, yakafika vijijini, watu 40 walikufa. Fiodi ni nyembamba, maji hayana pa kutawanyikia.

Na sasa kuna mlima mwingine, Åkerneset, uko na ufa unaopanuka sentimita kadhaa kila mwaka. Serikali imeweka vifaa vya kupima mchana na usiku. Vijiji vya karibu, Geiranger na Hellesylt, wanajua ving'ora vikilia wanakimbilia wapi. Wataalamu wanasema kabla ya kuanguka utaongeza mwendo, kwa hiyo watapata siku za kuwahamisha watu. Sisi tuliokimbia vitu vingine, tunasikia hiyo habari kwa masikio tofauti kidogo. Watu wanalala chini ya mlima unaotembea, asubuhi wanapeleka watoto shule, na kila mutu anajua mpango.

BintiPangani

Hii sikuijua. Asante ndugu.

Ngosha_Bergen

Umeniongezea nondo ambazo sikuwa nazo. Kuna mashamba Nærøyfjord pia, Dyrdal, Styvi na Bakka. Styvi inapitiwa na njia ya kale ya posta ya mfalme iliyounganisha Bergen na Christiania, yaani Oslo ya leo. Wanaopenda kutembea kwa miguu, njia hiyo ipo bado kati ya Styvi na Bleiklindi.

Kuna aliyeuliza viza pembeni, najibu hapa kwa kifupi. Norwe iko Schengen ingawa haimo Umoja wa Ulaya. Mtanzania, Mkenya, Mkongo, wote wanahitaji viza. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Usikae ukasubiri hizo 15, majira ya joto foleni ya miadi ni ndefu.

Mama_Nasra

Assalam aleikum. Mwanangu Ngosha, mimi binti yangu anasoma Bergen, naenda kumuona mwezi wa sita inshallah. Magoti yananisumbua, ngazi siziwezi. Na kukaa ndani umetukataza. Sasa mimi safari hii ni yangu au niwaachie vijana?

Ngosha_Bergen

Waaleikum salaam mama, shikamoo. Ni yako kabisa. Ile njia ya nje niliyoisema haina ngazi, inapanda kwa mteremko mdogo, hata kiti cha magurudumu kinapita. Ngazi za watu usizipande, fuata ubavu wa boti. Binti aulize mapema ni boti gani inayotoka saa hiyo, maana si zote zilizotengenezwa hivyo. Achague ya umeme au ile dada yake, Vision of the Fjords.

Treni ya Flåm ina viti vya kutosha, pale Kjosfossen si lazima ushuke, dirishani unaona. Chakula bebeni chenu, bei za huku zitakuharibia siku, na halali ndani ya boti usitegemee. Chupa ya chai ya moto, shali juu ya jaketi.

Na mvua ikinyesha, mama, twende hivyo hivyo.

Mama_Nasra

Marahaba mwanangu. Nimemtumia binti uzi wote, anasema tiketi za tarehe tunayotaka bado zipo. Hiyo shali nitachukua mbili.